Mwisho wa Hadithi ya Sehemu Tatu: Somo la Utungaji katika Madarasa ya Juu

Katika masomo ya utungaji, mwalimu mwanafunzi aghalabu hufundishwa vizuri jinsi ya kuanzisha hadithi. Ajua kuwauliza watoto maswali ya kuwaamshia hamu, ajua kutundika picha ubaoni, ajua kuita "Paukwa!" na darasa zima likaitika "Pakawa!" Lakini afikapo kwenye mwisho wa hadithi huachwa aende peke yake, na matokeo yake huonekana katika madaftari. Kusanya insha arobaini za darasa la sita zenye kisa cha hatari, nawe utakuta nyingi zinamalizika kwa maneno yale yale: mara nikashtuka usingizini, kumbe ilikuwa ndoto. Nyingine humalizika kwa adui kufa ghafla bila sababu, na nyingine hukatwa na kengele ya kipindi, mtoto akaandika "Mwisho" kwa herufi kubwa kana kwamba neno hilo lina uwezo wa kufunga kilichoachwa wazi.

Makala haya yanashughulikia mwisho tu, tena mwisho wa hadithi ya namna moja: hadithi ndefu ya sehemu tatu, isimuliwayo kwa vijana, kuhusu nchi ya kubuni inayotawaliwa kwa sheria dhalimu. Namna hii imechaguliwa kwa makusudi. Katika ngano fupi, mwisho mbaya humpotezea msikilizaji dakika kumi. Katika hadithi iliyosimuliwa majuma matatu, mwisho mbaya humfanya mtoto ajione amedanganywa, na mtoto aliyekwisha kudanganywa na hadithi moja huisikiliza ya pili kwa mashaka. Isitoshe, watoto wenye umri wa miaka kumi na moja hadi kumi na nne huipenda mno hadithi ya nchi dhalimu. Wala si ajabu. Wao wenyewe huishi chini ya amri ambazo hawakushauriwa zilipotungwa: amri za nyumbani, amri za shule, amri za kiranja. Ukiwapa nchi ya kubuni yenye sheria isiyo ya haki, wataielewa kabla hujamaliza kuieleza.

DENI LA HADITHI

Msingi wa somo hili ni neno moja ambalo kila mtoto amelisikia dukani: deni. Kila jambo ambalo msimulizi amemfanya msikilizaji alijali na kulisubiri ni deni. Akitaja kwamba mama alificha ufunguo, amekopa. Akionyesha kijana aliyefungwa bila kosa, amekopa zaidi. Sehemu ya kwanza ya hadithi ya nchi dhalimu hukopa kwa kuonyesha sheria na mtu wa kwanza anayeumizwa nayo. Sehemu ya pili huuongeza mkopo, kwa kuwa hufunua kwamba udhalimu una mizizi mirefu kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba wengine miongoni mwa wanaoumia wameushika mpini wenyewe. Sehemu ya tatu hulipa.

Kwa hiyo mwisho unaoridhisha si lazima uwe wa furaha. Ni mwisho unaolipa, na ambao mlipaji wake anaonekana. Deni moja hulipwa lote, jingine nusu, na jingine haliwezi kulipwa kamwe kwa sababu mwenye kudai amekwisha kufa. Lakini hata hilo la mwisho lazima litajwe mbele ya wasikilizaji. Linalowaudhi watoto si kwamba mtu waliyempenda amekufa. Linalowaudhi ni kwamba amesahauliwa.

Baadhi ya wanachuo hudhani kuwa hadithi za nchi dhalimu ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na filamu. Sivyo. Katika kitabu cha Swahili Tales, kilichochapishwa mwaka 1870, Edward Steere aliweka ngano alizozikusanya Unguja, na mojawapo yahusu sultani na paka wake. Paka alianza kwa kula mifugo ya watu. Waliposhtaki, sultani alijibu kwa maana ya kwamba mla na mliwa wote ni mali yake, basi kesi haipo. Paka akaendelea hadi kwenye mbuzi, akafika kwenye ng'ombe, kisha akala watu, na jibu la sultani likawa lile lile. Siku alipokula wana wa sultani mwenyewe ndipo mzee huyo alipokiri kwamba yule si paka tena, ni Nunda, mla watu. Mwanawe mdogo akatoka kwenda kumtafuta. Aliua mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mkubwa kuliko aliyetangulia, akamleta kwa mama yake, na kila mara akaambiwa kuwa siye. Mwishowe akampata aliye kweli.

Tazama deni lilivyofungwa katika ngano hii. Deni halikufungwa na paka. Paka ni paka. Lilifungwa na jibu la sultani kwa watu waliokuja kulalamika. Lau Nunda angeuawa na mwindaji aliyepita njia, ngano ingemalizika, lakini isingelipa. Inalipa kwa sababu auaye ni mtoto wa nyumba ile ile iliyomlea mnyama na kumlinda. Na wale wanyama wa makosa hawakuwekwa ili kurefusha maneno tu. Kila mmoja humfundisha kijana kuwinda, na humfundisha msikilizaji kusubiri. Mwalimu asimuliapo, asiwaruke.

KUSADIKIKA NA HUKUMU YAKE

Mfano wa pili una uhusiano na uwanda wetu wa kati kuliko wengi wanavyofahamu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na katika miaka ya 1940 kazi ilimleta Mpwapwa, katika Idara ya Mifugo. Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake Kusadikika. Hakuandika hadithi ya vitabu vitatu, ila kitabu hiki kimoja chagawanyika chenyewe katika sehemu tatu: mashtaka, utetezi, hukumu.

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa na waziri aitwaye Majivuno, na kosa lake ni kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Badala ya kujitetea kwa kukana, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliopata kutumwa nje ya nchi: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wengine walitumwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Kila mmoja alipata taabu njiani, akarudi na mashauri mema ya kuifaa nchi, na zawadi yake ikawa kifungo.

Wanachuo huchoka wafikapo kwa mjumbe wa nne, wakasema mwandishi anarudia. Ndivyo, anarudia, na hapo ndipo pana ufundi wa kuwafaa walimu. Msomaji amekwisha kujua kwamba mjumbe huyu naye atafungwa. Hasomi tena ili ajue kitakachotokea, bali anahesabu. Ni madeni sita ya namna moja yaliyopangwa juu ya moja jingine, la Karama mwenyewe. Basi hukumu inapotoka na kumwacha Karama huru, wakaachwa huru pamoja naye wale sita waliofungwa, msomaji hulipwa mara saba kwa neno moja. Jaribu kuwasomea watoto mwisho mwingine ambamo Karama peke yake anaachiliwa. Atatokea mmoja nyuma ya darasa ataweka mkono juu na kuuliza, "Na wale wengine?"

Hata hivyo mtoto mwerevu atauliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza: wale sita walifungwa na utawala gani? Ni utawala ule ule unaowafungulia. Haki ya Kusadikika inatoka kinywani mwa mfalme aliyekwisha kushawishika. Kwa mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu mwaka 1951, si vigumu kuelewa kwa nini kesi iliwekwa angani na kwa nini haki ilitolewa na mfalme. Kwa maoni yangu mwisho huo umejengwa vema, maana mfalme hageuki kwa huruma ya ghafla. Anageuzwa na hoja ambazo Karama alizipanga siku zote za kesi. Lakini usimnyamazishe mtoto aliyeuliza. Andika swali lake pembeni mwa ubao, likae hapo hadi juma la tatu.

ASUBUHI INAYOFUATA

Katika miaka ya karibuni hadithi za vitabu vitatu kuhusu nchi dhalimu zimeenea sana kwa vijana wa nchi nyingi, hasa baada ya mwandishi wa Marekani, Suzanne Collins, kutoa The Hunger Games mwaka 2008, Catching Fire mwaka 2009 na Mockingjay mwaka 2010. Baadhi ya wanafunzi wa mijini wameziona filamu zake, kwa hiyo yafaa mwalimu ajue kisa. Nchi iitwayo Panem ina wilaya kumi na mbili chini ya mji mkuu tajiri. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wakapigane hadi kufa, na watu hulazimishwa kutazama. Msichana Katniss anajitoa ili aende badala ya mdogo wake, Prim, ambaye jina lake ndilo lililotoka katika kura.

Hilo ndilo deni la kwanza la hadithi nzima: Prim aishi. Katika kitabu cha tatu waasi wanaushinda mji mkuu, lakini Prim anauawa na mabomu ushindi ukiwa karibu kutimia, akiwa anahudumia majeruhi. Tena yapo mashaka mazito kwamba mabomu yale yalitumwa na upande wa waasi wenyewe. Rais wa waasi, Coin, anapendekeza mashindano yafanywe mara moja zaidi, safari hii kwa watoto wa mji mkuu. Katniss anapewa upinde ili amuue rais wa zamani, Snow, mbele ya umati. Anauelekeza mshale kwa Coin.

Wasomaji wengi waliuona mwisho huo kuwa mchungu mno. Mimi nauona kuwa wa haki kwa hesabu ya madeni. Deni la Prim haliwezi kulipwa, na mwandishi hajifanyi kulilipa. Katniss anarudi katika wilaya yake akiwa na makovu, anaota ndoto za kutisha hata baada ya miaka mingi, analea watoto huku akihofu jinsi atakavyowaeleza. Lakini lile deni kubwa la nchi, yaani watoto kuuawa ili watu wazima watishwe, linalipwa kwa mshale mmoja. Kama angemuua Snow peke yake, sheria ya zamani ingebaki, ila ingekuwa na mtawala mpya.

John Christopher, Mwingereza, alikuwa ameligusa jambo hilo hilo zamani katika vitabu vitatu alivyovitoa mwaka 1967 na 1968. Viumbe kutoka nyota nyingine wanawatawala wanadamu kwa kuwavika vijana kofia za chuma zinazoondoa hiari. Katika kitabu cha tatu wageni wanashindwa, tena kwa gharama ya maisha ya kijana mmoja miongoni mwa wale watatu walioanza safari pamoja. Kisha mataifa yanakaa mkutano wa kupanga amani, na yanagombana. Hadithi inamalizika vijana waliobaki wakiacha mipango yao wenyewe ili wakafanye kazi ya kuwapatanisha watu.

Jambo ambalo mwalimu achukue hapa ni swali moja la kuuliza darasani: asubuhi baada ya adui kuanguka, watu waliamka wakafanya nini? Hadithi za watoto hazifiki kwenye asubuhi hiyo. Adui anakufa jioni, na neno "Mwisho" linaandikwa jioni ile ile.

SOMO LENYEWE

Somo linahitaji majuma matatu, vipindi viwili kwa juma. Zana ni chache: ubao, karatasi moja kubwa ya manila na kalamu nene. Hadithi ifuatayo imetungwa kwa ajili ya shule za uwanda mkavu kama wa Dodoma, lakini mwalimu aliyepangiwa pwani au milimani anaweza kubadili mazingira.

Juma la kwanza mwalimu asimulie sehemu ya kwanza. Palikuwa na nchi kavu yenye upepo na mibuyu, na katika nchi hiyo palikuwa na kisima kimoja kilichozungushiwa boma la miiba. Mtunza Kisima hakudai fedha. Kila ajazaye debe alimuuzia neno moja. Akaliandika katika daftari lake, na tangu hapo mwuzaji hakuweza kulitamka tena. Mwanzoni watu walicheka. Waliuza majina ya samaki wa baharini, ambao hawajapata kuwaona, wakaenda zao na maji. Nyumba moja tu haikwenda kisimani, nyumba ya bibi yake Nyemo. Bibi huyo kila jioni alishika kibuyu akashuka korongoni, kwenye mto uliokauka, akarudi usiku. Watu walisema uzee umemwingia kichwani.

Juma la pili, sehemu ya pili. Ukame ukazidi, bei ikapanda, maneno yasiyo na kazi yakaisha. Watu wakaanza kuuza maneno ya kila siku. Wanaume wengi waliuza neno "hapana", kwa kuwa Mtunza Kisima alilipa madebe matatu kwa hilo. Na alipokuja kuchukua ndama zao hawakuwa na la kumjibu. Mama yake Nyemo, ambaye alikuwa anaishi mbali na bibi na kumwonea aibu, alikuwa na mtoto mchanga mwenye homa. Alihitaji maji usiku. Hakuwa na neno jingine alilotakiwa ila moja, jina la mwanawe wa kiume, mdogo wake Nyemo. Akaliuza. Siku ya tatu yule mvulana aliwafuata ndama hadi jioni ikaingia, mama akasimama nje ya nyumba, akafungua kinywa amwite, na sauti haikutoka. Mvulana hakurudi. Hapo hapo, kabla ya kumaliza, mwalimu ataje kama jambo la kupita kwamba kisima kile hakikuchimbwa na Mtunza Kisima wala baba yake. Kilichimbwa na babu za watu wale wale wanaonunua maji.

Acha kimya kidogo. Kisha tundika manila na uwaambie watoto wakutajie madeni. Usiwataje wewe. Kwa kawaida watoto wa darasa moja, wakishirikiana, huyapata yote: mvulana aliyepotea, mama aliyeuza jina, maneno yaliyomo daftarini, bibi na kibuyu chake, kisima na waliokichimba, na lile neno "hapana". Yaandike kwa maneno yao. Manila ikae ukutani hadi mwisho wa somo, maana ndiyo itakayosahihisha insha kabla ya mwalimu kuzigusa.

Juma la tatu watoto wapendekeze mwisho kwa mdomo kabla ya kuandika. Yatakuja mapendekezo manne au matano ambayo mwalimu anaweza kuyatazamia. La kwanza ni ndoto. Usilikemee, waulize tu darasa zima, wakiangalia manila, ni deni gani lililolipwa Nyemo alipoamka. La pili ni kwamba Mtunza Kisima ateleze, atumbukie kisimani. Watoto watacheka na kupiga makofi. Waulize: nani atakunywa maji ya kisima hicho kesho? La tatu ni gari la serikali au ndege kutoka mjini yenye askari. Hili si baya, lakini askari hao hawakuwemo katika sehemu ya kwanza wala ya pili; wamekuja kulipa deni wasilolijua.

La nne lahitaji mwalimu awe na subira, nalo ni mvua. Mtoto wa uwanda wa kati anaposema "mvua ikanyesha" hasemi jambo jepesi. Katika mikoa hii mvua ya masika moja ndiyo inayoamua kama mtama na uwele vitapatikana, na wapo wazee waliorithishwa habari za njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya vita kuu yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua ikakosekana, na watu wengi sana wakafa. Mwisho wa mvua ni mwisho wa kweli katika nchi hii. Basi mwalimu akubali mvua inyeshe, halafu aulize: mvua imerudisha jina la mvulana? Imefuta daftari? Kiangazi kitakaporudi, nani atakuwa ameshika lango la kisima? Hapa yafaa kuwatuma watoto nyumbani wakamwulize babu au bibi swali lililopangwa vizuri. Wasiulize njaa iliisha lini. Waulize, "Mlijuaje kwamba imekwisha?" Majibu watakayoleta yatakuwa bora kuliko mfano wowote wa kitabuni.

Baada ya hayo, mara nyingi mtoto mmoja atamkumbuka bibi. Usimsaidie kufika hapo. Watoto wa vijiji hivi wanajua kwamba mto mkavu unaweza kuwa na maji chini ya mchanga, kwa kuwa wao wenyewe huchimba na kuchota huko wakati wa kiangazi. Atakapofahamu kwamba bibi hakuwa na wazimu, bali alikuwa anachimba, darasa litalipuka. Hiyo ndiyo raha ya deni lililolipwa kwa fedha iliyokuwa mfukoni tangu mwanzo. Kitu cha kuokoa nchi kilikuwa kimetajwa katika sehemu ya kwanza, kila mtu alikisikia, na kila mtu alikidharau pamoja na wanakijiji.

Maji ya mchangani yakipatikana, bei ya maneno inaanguka. Linabaki daftari. Wengine watataka lichomwe. Waulize kama neno likiungua hurudi kwa mwenyewe au hupotea. Wengine watataka Nyemo alisome kwa sauti mbele ya watu, na kila neno lirudi kwa aliyeliuza. Mwisho huu una nguvu, lakini una shimo ambalo darasa lisipoliona mwalimu alionyeshe: baadhi ya walioyauza maneno wamekwisha kufa. Maneno yao yatasomwa na hakuna atakayeyadai. Yapelekwe wapi? Hapo watoto huanza kufikiri kweli. Waache wapendekeze: yagawiwe wajukuu, yafundishwe shuleni, yaandikwe kwenye mibuyu.

Na mvulana? Mama amerudishiwa jina, anasimama pale pale nje ya nyumba, anaita. Iwapo anaitikiwa au haitikiwi, hilo aamue kila mtoto katika insha yake. Mwalimu asiweke kura. Jambo moja tu asiliruhusu, nalo ni kumaliza insha bila mama kuita.

Hatimaye rudi kwenye swali lililoandikwa pembeni mwa ubao tangu juma la Kusadikika. Mtunza Kisima naye anaona kiu. Anashuka korongoni na debe lake, anasimama mbele ya watu wanaochota. Je, atozwe neno? Panga mjadala wa dakika ishirini, upande mmoja useme atozwe, mwingine useme apewe bure. Walimu waliozoea kufunga mijadala kwa kutoa uamuzi watashawishika kufanya hivyo hapa pia. Nawashauri wajizuie. Upande wa kutoza utakuwa na hoja nzuri, maana mvulana hajarudi. Upande wa kutoa bure utagundua wenyewe kwamba wakimtoza neno moja, watahitaji daftari la kuliandikia.

HADHARI NA USAHIHISHAJI

Hadithi ya nchi dhalimu ina jambo moja ambalo mwalimu mwanafunzi alijue kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Watoto wakipewa nafasi ya kutunga nchi yao wenyewe, mtawala dhalimu wa insha atafanana na mtu. Atashika fimbo kama ya mtu fulani, atakohoa kama mtu fulani, atakuwa na pikipiki ya rangi fulani. Usiulize ni nani. Usiisome insha hiyo kwa sauti katika chumba cha walimu ili watu wacheke. Ikiwa ndani yake pana jambo linaloonyesha kwamba mtoto anaumizwa kweli, hilo si jambo la utungaji tena. Zungumza na mtoto kwa faragha, na ufuate utaratibu wa shule wa kumlinda. Kama sivyo, sahihisha madeni na uiache.

Katika kusahihisha, soma kwanza ukiwa huna kalamu mkononi. Angalia manila. Weka alama ya penseli pembeni pale kila deni lilipolipwa au lilipotajwa kuwa halilipiki. Tahajia na vituo vitapata zamu yake katika kusoma mara ya pili. Insha iliyolipa madeni matano kwa tahajia mbovu imefanya kazi kubwa kuliko iliyonyooka na kumalizika kwa ajali. Alama za lugha zitenge na alama za mwisho, na mwonyeshe mtoto zote mbili.

Bila shaka, hata baada ya majuma matatu, wapo watakaoandika kwamba ilikuwa ndoto. Usiikate sentensi hiyo kwa wino mwekundu. Mrudishie mtoto daftari na umwombe ukurasa mmoja zaidi: Nyemo ameamka, kumekucha, anatoka nje, na mlangoni anakuta kibuyu cha bibi kikiwa na mchanga mbichi. Mwambie aendelee kutoka hapo. Mpe kipindi kizima kwa kazi hiyo, na ikibidi, cha juma linalofuata pia.